"Cha Bure Hakithaminiwi": Historia ya Wazo Lililotoka Pembeni Likawa Neno la Kila Mtu

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala hii alipokuwa mchungaji wa usharika mmoja wa vijijini, aliongoza kikao cha baraza la wazee chenye ajenda moja nzito. Zahanati ya usharika ilikuwa imeishiwa dawa, na ilipendekezwa kwamba akina mama wajawazito, ambao hadi siku ile walihudumiwa bila malipo, waanze kulipa kiasi kidogo. Hesabu zilisomwa, wala hakuna aliyezipinga. Ndipo mjumbe mmoja akasema, kama mtu anayefunga mjadala, ya kwamba hata kama fedha zingekuwepo ingefaa walipe, kwa sababu cha bure hakithaminiwi. Wote tuliitikia kwa kichwa, mchungaji akiwa wa kwanza. Mzee mmoja tu, mwinjilisti mstaafu, aliinua mkono akauliza kwa upole: "Baba Mchungaji, naomba kujua, neno hilo limeandikwa wapi? Maana Jumapili ulituhubiria kwamba neema ni bure." Watu walicheka, kikao kikaendelea, na ada ikapitishwa.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lile kwa kuchelewa, na hasa kwa njia ya historia. Neno ambalo kila mtu hulikubali bila kulipima halikushuka kutoka mbinguni. Lina mwanzo, lina njia lililopitia, na lina watu waliolibeba. Ni kweli kwamba wahenga walituonya zamani kuwa rahisi ni ghali. Lakini onyo lile lilimhusu mnunuzi aliye sokoni, si mgonjwa aliye mlangoni pa zahanati. Jinsi onyo la sokoni lilivyogeuka kuwa kanuni ya hospitali na shule ni sehemu ya habari kubwa zaidi: habari ya mawazo ya kisiasa na kiuchumi yaliyokuwa ya watu wachache waliodharauliwa, ambayo katika muda wa miaka arobaini yakawa mambo yasiyohojiwa. Tutaifuata habari hiyo kutoka Ulaya hadi kwetu Tanzania, kisha tutatazama wazo jingine la pembeni, lililotoka katika Maandiko, na mwisho tutauliza ni nini wajibu wa mhubiri.

1. Wachache juu ya mlima, 1947

Mwezi Aprili 1947 watu wapatao 40, wengi wao wachumi, pamoja na wanafalsafa, wanahistoria na waandishi, walikusanyika kwa siku kumi katika hoteli moja huko Mont Pèlerin, juu ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Aliyewaita ni Friedrich Hayek, mchumi mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifundisha London. Mwaka 1944 alikuwa amechapisha kitabu cha kuonya kwamba serikali ikishika mipango yote ya uchumi, hata kwa nia njema, mwisho wake ni raia kupoteza uhuru wao. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwepo Ludwig von Mises, Karl Popper na Milton Friedman, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana na hajulikani sana.

Kwa kipimo cha siku zile, hao walikuwa watu walioshindwa. Nchini Uingereza chama cha Labour kilichoshinda uchaguzi wa 1945 kilikuwa kimeitaifisha Benki Kuu mwaka 1946 na migodi ya makaa ya mawe Januari 1947. Na Julai 1948 kingeanzisha huduma ya afya isiyomdai mgonjwa malipo. Mafundisho ya John Maynard Keynes, aliyefariki mwaka 1946, yalikuwa yamekubaliwa hata na wahafidhina wengi. Kila mtu mwenye akili, kama ilivyosemwa, alijua kwamba serikali ndiyo inayopaswa kulinda ajira na kuwahudumia wagonjwa. Kusema kwamba mambo hayo yaachiwe soko kulionekana kuwa ni kutamani dunia iliyokwisha kupita. Hata wao kwa wao hawakupatana: Friedman alisimulia baadaye jinsi Mises alivyotoka kikaoni kwa hasira, akiwalaumu wenzake kuwa ni wajamaa wote.

Hata hivyo walielewa jambo moja ambalo wengi wa washindi wao hawakulizingatia. Katika insha yake ya mwaka 1949, Hayek alieleza kwamba fikra za watu haziongozwi kwanza na wanasiasa, wala na mabingwa wenyewe wa elimu, bali na wale wanaopokea mawazo kwa wengine na kuyapitisha kwa umma. Aliwataja waandishi wa magazeti, walimu, watangazaji wa redio, watunzi wa hadithi. Na katika orodha hiyo hiyo aliwataja wahubiri. Aliwashauri wenzake wajifunze kwa wajamaa, ambao hawakuogopa kutangaza jambo lililoonekana haliwezekani. Yafaa sisi wasomaji wa jarida hili tukumbuke kwamba tulikuwemo katika orodha ile tangu mwanzo.

2. Miaka thelathini ya kusubiri

Kati ya waliovutwa na Hayek alikuwa Antony Fisher, aliyekuwa rubani wa vita. Alisoma muhtasari wa kitabu kile katika gazeti, akamwendea Hayek kumwuliza kama afaa kuingia Bungeni. Hayek alimshauri asifanye hivyo, bali asaidie kubadili mawazo ya wanaowafundisha wengine. Fisher alipata utajiri kwa kufuga kuku kwa njia za kisasa, na mwaka 1955 alianzisha mjini London taasisi ya mambo ya uchumi. Kwa zaidi ya miaka ishirini taasisi hiyo ilichapisha vijitabu vyepesi kusomeka, ikavipeleka kwa walimu, wanafunzi na waandishi. Vijitabu hivyo viliuliza maswali yaliyoonekana ya ajabu: kwa nini simu ziwe mali ya serikali? Kwa nini matibabu yasiwe na bei? Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Friedman na wenzake walikuwa wakiwalea wanafunzi kutoka nchi nyingi, wakiwemo vijana wa Chile.

Kisha shida ikaja. Katika miaka ya 1973 na 1974 bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne. Uingereza ilipata mfumko wa bei uliozidi asilimia 24 mwaka 1975, na ukosefu wa kazi uliongezeka wakati huo huo, jambo ambalo mafundisho yaliyozoeleka yalipata taabu kulieleza. Hayek alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974, Friedman mwaka 1976. Mwaka huo wa 1976 serikali ya Labour yenyewe ililazimika kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na kupunguza matumizi. Mei 1979 Margaret Thatcher akawa Waziri Mkuu. Januari 1981 Ronald Reagan akaingia madarakani Marekani. Huko Chile wanafunzi wa Chicago walikuwa wamekwisha kupata nafasi yao baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973, bila wananchi kuulizwa.

Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1982, Friedman alikiri wazi jinsi mambo yalivyokwenda: shida peke yake ndiyo huleta mabadiliko ya kweli, na shida ijapo watu huchukua mawazo yaliyo karibu nao; kwa hiyo kazi ya wachache ni kuyatunza mawazo hayo mpaka siku hiyo. Tuangalie vema maana yake. Shida ya mwaka 1973 haikuthibitisha kwamba wale wa Mont Pèlerin walisema kweli katika kila jambo. Ilifanya tu kiti kiwe wazi, nao walikuwa wamesimama karibu nacho kwa miaka ishirini na sita.

3. Kutoka mlanguzi hadi mfanyabiashara

Sisi Watanzania tusidhani kwamba tuliingia katika habari hii tukiwa watu wasio na mawazo yaliyozoeleka. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mabenki yalitaifishwa siku iliyofuata. Katika miaka michache Ujamaa nao ulikuwa lugha ya kila mtu. Uliimbwa shuleni, na wahubiri wengi waliusoma katika sura ya pili na ya nne ya Matendo ya Mitume kana kwamba Luka aliandika akiutazama. Aliyeuliza maswali alionekana hana uzalendo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yalibana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viligharimu mno. Mafuta yalipanda tena. Madukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalivunjika mwaka 1979, na tarehe 1 Januari 1980 Mwalimu Nyerere aliwaambia mabalozi kwa uchungu kwamba shirika hilo halikupewa na mtu yeyote kazi ya kuwa wizara ya fedha ya mataifa. Mwaka 1981 Benki ya Dunia ilitoa taarifa iliyoandaliwa chini ya Elliot Berg, iliyosema kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya Afrika ilitokana na siasa za nchi zenyewe: serikali zilishika mambo mengi kupita uwezo wao, na mkulima alilipwa bei ndogo mno. Tuwe wakweli: juu ya bei ya mkulima, taarifa ile ilikuwa na haki.

Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, maduka yalipekuliwa, na mtu aliyekutwa na shehena ya bidhaa aliitwa mlanguzi. Bajeti ya mwaka uliofuata, 1984, iliruhusu mtu yeyote mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Bidhaa zilirudi, na watu walifurahi, wala haifai kuwalaumu. Lakini tazama lililotokea katika lugha: mtu yule yule, mwenye mzigo ule ule, aliyekuwa mlanguzi mwaka 1983, alikuwa mfanyabiashara kabla ya miaka miwili kwisha. Mwalimu alistaafu urais Novemba 1985. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha, na dola iliyokuwa shilingi 17 hivi ikafika shilingi 40. Februari 1991 Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi wa Chama kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Rais mwenyewe wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa.

Zamu ya hospitali nayo ilifika. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka juu ya kugharimia afya katika nchi maskini, ikishauri kwamba wagonjwa walipe sehemu ya gharama. Kenya ilianza kutoza Desemba 1989. Katika kliniki moja ya Nairobi ya magonjwa ya zinaa mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 hivi ya yale ya awali, na mwaka 1990 ada ikasimamishwa kwa muda. Kwetu ada ilianza katika hospitali za serikali mwaka 1993. Lakini haikuitwa malipo. Iliitwa kuchangia.

Hapa msomaji anayelipenda lugha yake na asimame kidogo. Mchango ni neno la heshima kwetu. Tunachanga kwa arusi na kwa msiba. Tunachanga kujenga kanisa. Anayechanga ni ndugu, na asiye nacho hutoa jembe lake au nguvu zake, wala hafukuzwi. Ada ya dirishani ilipovikwa vazi la mchango, ilipata mapokezi ambayo isingepata kwa jina lake. Polepole maneno mengine yalifuata: mgonjwa akawa mteja, haki ikawa huduma. Na hapo ndipo lile neno la kikao chetu lilipopata mahali pa kukaa: ikiwa mteja hakulipa, bila shaka hatathamini.

Je, ni kweli? Neno hilo limepimwa. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichunguza kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, ambako baadhi ya akina mama walipewa vyandarua bure na wengine waliuziwa kwa bei ndogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba bei ya senti 60 za dola ilipunguza mno idadi ya waliochukua chandarua, na kwamba waliopewa bure hawakukitumia kidogo kuliko walionunua. Waliopokea bure walithamini. Waliokosa ndio waliokosa.

4. Yubile: wazo jingine la pembeni

Ingekuwa kosa kudhani kwamba njia hii hupitiwa na mawazo ya soko peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Martin Dent, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Keele huko Uingereza, pamoja na Bill Peters, balozi mstaafu, walianza kusema kwamba madeni yasiyolipika ya nchi maskini yafutwe ifikapo mwaka 2000, kwa mfano wa Yubile ya Walawi 25. Wataalamu wa fedha waliona ni ndoto ya watu wa dini. Deni ni deni, walisema. Ukimsamehe mdaiwa unamharibu. Ni neno lile lile la baraza letu, limevaa suti.

Mwaka 1996 kampeni ya Yubile 2000 iliundwa rasmi. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham, wakuu wa mataifa tajiri walipokutana huko. Mwaka uliofuata, mjini Köln, wakuu hao walikubali kupanua mpango wa kupunguza madeni. Novemba 2001 Tanzania ilitimiza masharti ya mpango huo, na mkutano wa Gleneagles wa 2005 uliongeza msamaha. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kufuta ada ya shule ya msingi, na nafuu ya madeni ilisaidia kulibeba jambo hilo. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walifika milioni 7.5 mwaka 2005. Kama cha bure hakithaminiwi, wazazi wale walikuwa wakikimbilia nini?

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na mipaka. Msamaha ulipitia katika mipango iliyosimamiwa na taasisi zile zile, kwa masharti yale yale kwa sehemu kubwa. Neno la Walawi liliingia chumbani, likaonyeshwa kiti kilichokwisha kuwekwa. Isitoshe, sisi wenyewe tulilisoma nusu. Yubile ya Maandiko hurudi kila mwaka wa hamsini, kwa kuwa Sheria inajua kwamba watu wataanguka tena katika madeni. Sisi tuliifanya sherehe ya mwaka mmoja, tukaenda zetu.

5. Wajibu wa mhubiri

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, wazo la pembeni huishi kwa uvumilivu wa wachache walio na mahali pa kulitunzia: taasisi, chuo, jarida, hata darasa la Biblia. Pili, halishindi kwa hoja tu, bali hungoja siku ambayo mazoea ya zamani yamekosa jibu. Tatu, likisha kushinda hujificha ndani ya maneno ya kila siku, na hapo ndipo huwa na nguvu kuliko yote, kwa maana hakuna anayeliona tena kuwa ni wazo.

Jambo hili latuhusu sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya riba, wakati ambapo watu wengi waliiona kuwa desturi ya kawaida ya biashara. Alikwisha kufundisha katika Katekisimo Kubwa, akieleza Amri ya Kwanza, kwamba mali ndiyo sanamu inayoabudiwa na wengi zaidi. Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni huko Winnipeg mwaka 2003 uliyataja mafundisho ya soko yasiyo na mipaka kuwa ni itikadi ya uongo; na ule wa Windhoek mwaka 2017 ulitamka kwamba wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, uumbaji hauuzwi. Lakini tamko la mkutano mkuu husafiri polepole sana kuelekea baraza la wazee, na neno la soko lilikuwa limefika zamani.

Tusichanganye mambo. Kwamba neema ni bure hakumaanishi kwamba dawa haina gharama. Lazima mtu fulani alipe, na mchungaji asiyejua kusoma hesabu atafunga zahanati kwa mahubiri mazuri. Swali ni nani alipe, na kwa nini, na hilo ni swali halali la kikao. Lakini hesabu za siku ile zilikuwa zimekwisha kutueleza kwamba tumepungukiwa. Neno "cha bure hakithaminiwi" halikuongeza shilingi hata moja katika hesabu hizo. Lilifanya kazi nyingine: lilitusaidia tusihuzunike. Lilitufanya tuone kwamba kumtoza mama mjamzito si upungufu wetu bali ni fundisho kwake.

Hitimisho

Yule mwinjilisti amekwisha kulala katika Bwana. Kama angekuwepo, mwandishi angemjibu hivi: "Mzee wangu, limeandikwa katika vijitabu vya London na nyaraka za Washington, likaandikwa tena katika lugha yetu kwa kalamu ya shida, na mimi mchungaji wako nililitia muhuri kwa kuitikia kwa kichwa."

Katika kabati la zahanati ile kulikuwa na kitabu cha mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Tungeweza kukifungua baada ya miezi sita na kuhesabu ni akina mama wangapi hawakurudi. Hatukukifungua, kwa kuwa tulidhani tunajua tayari. Kwa wanafunzi wetu watakaoongoza mabaraza baada ya sisi, ombi la makala hii ni dogo: neno ambalo kila mtu analikubali litakaposemwa kikaoni, ulizeni kwanza limeandikwa wapi, na kabla ya kupiga kura, mtu mmoja aende akalete kitabu kile.